Kishimo cha Pembeni ya Ufa

Kila asubuhi, kabla sijanawa uso wangu mwenyewe, nilikuwa nalipelekea jiwe maji. Sisemi hivyo ili nionewe huruma, ingawa ukinionea sitakataa. Ndivyo siku zangu zilivyoanza tangu niliporudi Goma: chupa ya plastiki iliyowahi kuwa ya mafuta ya kupikia, kandambili miguuni, na mimi natoka langoni mwa paseli, yaani ua wetu, hapa mtaa wa Murara huku nanung'unika. Mama yangu alikuwa ameshaamka. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki karibu na mlango, akisikiliza kama nimeenda kweli au nimesimama tu nyuma ya ukuta.

Jiwe liko kwenye kona, pale uchochoro wetu unapokutana na barabara ya magari. Ni bamba la kijivu, urefu wake kama kitanda cha mtoto, limelala chini na kuinuka kidogo upande mmoja. Juu yake kuna safu za vishimo vilivyochongwa kwa mkono, na kila kimoja kinaingia ngumi ya mwanamke. Huku kwetu mawe ni meusi, ya lava, yenye matundu na makali ya kuchana viatu. Tunajengea ukuta, tunajengea choo, tunaanguka juu yake. Hili la kijivu ni laini, halifanani na lolote jingine mjini, wala hakuna anayejua lilibebwa kutoka wapi.

Siku moja alikuja bwana wa chuo kikuu na brashi yake, akalipapasa tangu asubuhi mpaka jua likawa kali. Akatuambia lilichongwa katika zama za kati, karne nyingi kabla mzungu wa kwanza hajakanyaga huku, na kwamba waliolichonga hawajulikani. Labda walichezea bao, labda walisagia dawa, labda walitambikia. Alisema mengine ya namna hiyo yalikuwepo, lakini watu waliyavunja wakayatia kwenye misingi ya nyumba, na moja analijua, sasa ni kidato cha kupandia kwenye duka la simu. Akaomba hili letu lichukuliwe likawekwe mahali salama. Mama yangu akamuuliza, "Na bale batu bako mule ndani, papa, utababeba nabo?" Bwana yule akainama akatazama ndani ya vishimo, akaona maji. Alifunga mkoba wake kwa adabu akaenda zake.

Wale watu aliowasema mama ni wasafiri. Mtaa wetu ni wa wafanyabiashara na madereva, na desturi yetu ni hii: mtu wa nyumba akisafiri, wanaobaki wanamchagulia kishimo na kukitia maji. Kila asubuhi wanakijaza, kisikauke akiwa njiani. Akirudi, anakwenda mwenyewe, anainamia jiwe, anayamwaga maji kwa mkono wa kulia na kunawa uso kwa yale yaliyobaki. Hapo amefika. Kabla ya hapo, hata kama ameshakula na kulala, wazee walikuwa wanasema bado yuko njiani. Hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kummwagia. Na yule ambaye imejulikana hatarudi, mtu wake wa karibu anakiacha kishimo kikauke, halafu anaweka ndani kijiwe kidogo. Kijiwe hicho hakiondolewi na hakiulizwi. Ukikikuta unapita kimya, hata kama unamjua mwenye nyumba, hata kama unakufa kwa hamu ya kujua. Kwa mtaa unaopenda habari kama wetu, hiyo ndiyo heshima kubwa tuliyobakiwa nayo.

Imamu wa msikiti tunamosali alisema jambo hili ni shirki. Katekista wa kanisa la jirani alisema ni upagani. Katika miaka yote niliyowajua, hilo ndilo neno pekee waliloafikiana, na wake zao wote wawili niliwakuta pale alfajiri na vikombe vyao. Mama yangu ni mtoto wa Waislamu waliotoka Maniema na biashara, hajaacha swala hata moja kwa kupenda kwake, na ukimwambia shirki anakujibu kwamba hamwombi jiwe kitu. Anatunza amana tu. Juu ya jiwe kuna bati lililotobolewa na mvua, na chini ya bati utakuta majivu ya ubani, kipande cha mshumaa, na rozari iliyokatika ya mama jirani.

Huyu mama jirani ni mjane, Mnande kutoka Butembo, tunapakana ukuta. Ni Mkatoliki wa kuamka na kengele, na ndiye rafiki wa mama yangu kuliko ndugu zetu wengi. Mume wake alikuwa anafuata mali Butembo, na alikufia barabarani. Nalisema mapema kwa sababu lilichangia kosa langu.

Kwenye jiwe kuna ufa. Lava ya ule mlipuko wa kwanza wa volkano ninaoukumbuka ilisimama karibu kabisa na kona yetu, na joto lake likalipasua bamba kutoka ukingo mmoja hadi katikati. Ufa umepita baina ya vishimo viwili. Cha upande wa barabara kina kijiwe cheupe, kidogo kama punje ya hindi. Tangu niliporudi nilijua ni cha mume wa mama jirani. Hakuna aliyeniambia. Nilijua tu, kama tunavyojua mambo mengi ambayo siyo. Cha upande wa kwetu ndicho nilichokuwa nakijaza.

Kaka yangu alikuwa dereva wa lori. Alikuwa anapakia Goma, anakwenda mpaka Bunagana, anangoja forodhani, anarudi na saruji au mafuta au chochote kilichoagizwa. Alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti mpaka kuku wanatawanyika. Asubuhi moja aliondoka na hakurudi, wala lori halikurudi, wala turnboy, utingo wake. Wakati huo mimi nilikuwa Kiwanja, mji mdogo wa kaskazini. Nilikwenda huko kununua maharage nikiwa msichana, mara moja, mara mbili, mara ya tatu nikaolewa na muuzaji. Tulikuwa na duka, ghala na watoto wawili. Kila mavuno nilimpelekea mama gunia kwa gari la kwanza. Habari ya kaka ilinifikia kwa simu: hajafika. Nikangoja simu nyingine ya kusema amefika. Kwa miaka haikuja, na nyumbani jina lake likaacha kutajwa.

Halafu vita vikatukuta sisi Kiwanja, si mara moja. Vya mwisho viliniondolea duka, na mume wangu akachagua kwenda Uganda kwa ndugu zake, nami sikuchaguliwa. Watoto walikuwa wameshakuwa watu wazima, kila mmoja na njia yake. Nilirudi Goma kwa pikipiki na begi moja, mchana wa jua kali, vumbi mpaka kwenye meno. Nikapitia uchochoro wa nyuma ili majirani wasinione. Mama alinitazama, akasema, "Karibu, mama," kama vile nimetoka sokoni. Nikamwambia ni kwa muda tu. Barabara ikifunguka nitarudi kwangu.

Kesho yake alinipa chupa. Magoti yake yalikuwa yameanza kukataa. Akaniambia, "Kale kashimo ka pembeni ya ufa, upande wa kwetu. Usikaache kakauke." Hakusema ni cha nani. Mimi nami nilihitaji kuuliza? Katika nyumba ile aliyesafiri asirudi alikuwa mmoja tu. Nilichukua chupa nikaenda.

Mwanzoni sikuona kazi. Nilikuwa nasema bismilahi, nasema, "Kaka, kunywa," narudi. Lakini ukikaa Goma utajifunza kwamba maji si kitu cha kuchezea. Ziwa limejaa mpaka linatumeza miguu, na robine, bomba la mtaani, inatoa upepo. Nilikuwa napanga bidoni, madumu yangu ya maji, kwenye foleni, nagombana na wanawake nisiowajua, nasukumiwa maji kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao, na mtu anayenilaumu kana kwamba mlima nimeuweka mimi. Halafu katika hayo maji, kabla ya chai na kabla ya mama kutawadha, ya kwanza yalikuwa ya jiwe. Jua likipanda kidogo tu kishimo kinakauka. Kesho tena.

Vita vilipoingia mjini kwenyewe, robine zilikauka kabisa. Siku zile tulikunywa maji ya ziwa, tukiyachemsha kwa makaa yaliyokuwa yanahesabiwa kama sukari. Nilikuwa narudi na bidoni mgongoni, kamba imenikata kipaji cha uso, na mama yuko kwenye kiti chake, anauliza, "Ulimutilia?" Hakuuliza kama nimepigwa risasi njiani. Siku moja nilishindwa kujizuia. Nikamwambia, "Mama, batu banakufa kiu, na weye unanywesha jiwe!" Mama alishika fimbo yake, akasimama kwa tabu, akachota kikombe kutoka kwenye sehemu yake, ile ya kutawadhia, akaelekea langoni. Ilinibidi nimfuate, nimpokonye kikombe, niende mwenyewe. Nilimwaga yale maji kishimoni kwa hasira mpaka mengine yakaruka upande wa pili wa ufa, yakalowesha kile kijiwe cheupe. Nikamwomba radhi marehemu mume wa mama jirani.

Sikuwa namchukia kaka. Naomba hilo lieleweke. Nilikuwa nimechoka naye. Kuna uchovu wa kufanya kazi, huo ukilala unapungua. Na kuna huu wa kumngoja mtu ambaye moyo wako umeshajua hayupo, lakini mkono wako kila alfajiri unamtilia maji na kumwambia njoo. Huo hauishi kwa kulala. Sikuweza kumlilia kwa sababu nilikuwa namtunza. Nilitamani kijiwe. Nilitamani mama aseme neno moja, basi, ili mimi nikae chini nilie kama watu wengine, halafu niinuke nipange safari yangu ya kurudi Kiwanja.

Mama jirani ndiye aliyenisukuma. Alinikuta nimekaa kwenye ukingo wa barabara, chupa tupu mkononi, na akakaa karibu nami. "Unachoka, dada," akasema. Nikamwambia ndiyo, nimechoka. Akasema, "Mwambie mama yako. Mimi wangu nilimuwekea kajiwe kake, pale juu, karibu na bati. Nililia mwezi muzima. Lakini nilipona." Aliponyoosha kidole kuelekea juu, karibu na bati, niliitikia kwa kichwa bila kutazama. Mtu aliyechoka hasikii vizuri. Nilishika lile la kupona tu.

Hata hivyo nilikawia. Utamwambiaje mama kwamba amuue mwanawe? Nilijipanga nikiwa naosha vyombo, nikiwa foleni ya maji. Nilianza na maneno ya dini: mama, kila nafsi itaonja mauti. Nikayaacha, maana yeye ndiye aliyenifundisha. Nikajaribu yale ya werevu: mama, magoti yako, na mimi siku moja nitaondoka, nani atajaza? Nayo nikayaacha. Niliona yanamtishia mzee.

Siku niliyosema sikuwa nimepanga. Tulikuwa tumekaa barazani tunachambua maharage, ungo mmoja magotini kwangu, mmoja kwake. Mama huchambua kwa vidole, hata haangalii. Punje nzuri huku, zilizooza kule, na vijiwe anavikusanya kwenye kiganja cha kushoto, kwa sababu anasema ukivitupa ovyo vitarudi chunguni. Nilisikia vikigongana kiganjani mwake. Nikasema tu.

"Mama, tumuwekee kajiwe kake."

Vidole vyake havikusimama. "Nani?"

"Kaka. Miaka mingi sana, mama. Mimi nimechoka kumutilia mayi. Mutu akirudi anarudi. Huyu harudi. Nilie, mama, uniruhusu nilie."

Alichambua mpaka mwisho wa ungo. Halafu akaniangalia kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa jua linatokea upande gani.

"Kaka yako? Ule niliisha kumuwekea zamani."

Nikamwuliza wapi. Akasema, "Pale ku ufa. Upande wa barabara. Kale keupe."

Kuna rafiki wa kaka, dereva mwenzake, aliyekuja kukaa na mama asubuhi moja, akamweleza aliyoyaona kwa macho yake kwenye barabara ya Bunagana. Mama alimpa chai. Alipoondoka, mama alikuwa na ungo magotini kama hivi, anachambua maharage ya gunia nililomtumia kutoka Kiwanja, na ndani yake alipata kijiwe cheupe. Akakipeleka. Mimi hakuniambia. "Ungenisaidia nini?" akasema. "Na weye ulikuwa na vita yako kule. Nilisema utakuja, nitakuambia tumekaa."

"Nilikuja, mama. Nimekuja zamani."

"Ulifika umechoka. Nikasema, umuache mutoto apumuzike kwanza, nitamwambia akisha kupumuzika." Akaweka ungo chini. "Haukupumuzika."

Nilikaa na maharage yangu. Kichwani nilikuwa natembea kutoka langoni mpaka kwenye kona, asubuhi zile zote, na chupa ile. Mwisho nikauliza kitu ambacho nilikuwa nimeshaanza kukiogopa. Kile cha upande wa kwetu, nilichokuwa nakijaza, ni cha nani?

"Ya nani tena? Ni yako."

Nikamwambia haiwezekani. Mimi niliolewa, sikusafiri. Mwanamke aliyeolewa hawekewi kishimo, mtaa mzima unajua. Akasema mtaa unajua mambo yake na yeye anajua yake. Niliondoka kwenda kununua maharage. Hakuna mtu aliyemwaga mtoto wake kwa sababu ya harusi. Alikijaza tangu siku ile nilipopanda gari mara ya kwanza, na magoti yalipokataa, akaona hakuna ubaya mwenyewe akijijazia.

"Lakini mimi niko hapa! Ungeniambia nimwage."

"Kila siku unasema utarudi kwako Kiwanja," akasema mama. "Begi yako iko wapi? Iko chini ya kitanda, nguo bado ndani. Mutu mwenye anasema atarudi kwake, huyo hajafika. Mimi nitamuambia aje amwage nini? Nilikungoja."

Alisema hivyo bila lawama, kama mtu anayeeleza kwa nini chai imechelewa. Mimi nililia. Nilimlilia kaka yangu kwanza, kwa sababu kijiwe chake kilikuwa mbele yangu kila asubuhi na nikakirushia maji kwa hasira. Nikalilia duka, na mume, na barabara ile ambayo hata ikifunguliwa kesho, mwisho wake hakuna mlango wangu. Nililia nikimkasirikia mama pia, kwa kubeba msiba peke yake kana kwamba mimi ni mgeni. Mama jirani alichungulia juu ya ukuta, akaona, akarudisha kichwa chake.

Sikwenda siku ile. Nilikwenda kesho yake, bila chupa, jua limeshatoka na watu wanapita. Asubuhi hiyo mama alikuwa amemtuma mama jirani anijazie, kwa hiyo maji yalikuwepo. Kwanza nilikitazama kile kijiwe cheupe. Nikainama. Niliingiza mkono wa kulia ndani ya kile kishimo changu, chini kabisa ni laini kama ndani ya kikombe, nikayatupa maji nje, na yaliyobaki kwenye vidole nikajipaka usoni. Yalikuwa baridi na yalinuka dawa ya robine. Pikipiki ilipiga honi nisogee. Niliporudi mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, na safari hii alinyoosha mikono yote miwili.

"Karibu, mama," akasema. "Za Kiwanja?"

Nikakaa chini karibu na miguu yake, nikamwambia za Kiwanja. Zilikuwa nyingi.